Sura ya Tano: Chui wa Kiti cha Tisa

Uyanga alikuwa ameshafunga mkanda, ameshasukuma mkoba wake chini ya kiti cha mbele, na anahesabu mapanga ya injini iliyo upande wa dirisha lake. Yalikuwa sita. Alipogeuka ndani ili aone ni nani atakayekaa pembeni yake, akamwona Bilguun anakuja.

Alikuja taratibu kwenye kile kijia chembamba kati ya viti, ameinamisha kichwa, kwa kuwa ndege ile ya kutoka Ulaanbaatar kwenda Khovd, magharibi, haikutengenezewa watu warefu. Alikuwa daktari wa mifugo, na kwapani alibana boksi jeupe la barafu lenye chanjo za mbuzi. Mbele yake alikwama mama mmoja aliyevaa makoti mawili na juu yake joho la hariri, maana shirika lile dogo huruhusu kilo kumi na tano tu za mzigo, na watu wetu wa magharibi wamejua siku nyingi kwamba nguo ikiwa mwilini haipimwi. Bilguun alisubiri mama yule ajikwamue huku akisoma namba za viti. Saba. Nane.

"Asiwe tisa," Uyanga aliomba moyoni. "Popote pale, lakini asiwe tisa."

Akawa tisa.

"Samahani, dada, hapa ni kiti cha..." Bilguun alianza, kisha akamwona vizuri, na sentensi yake haikufika mwisho.

Miezi minane ilikuwa imepita tangu waachane, au niseme kweli, tangu Uyanga amwache. Ilikuwa Januari, baridi ya kugandisha kope, na hakumwacha hata kwa kuonana naye uso kwa uso. Alimtumia maneno manne tu kwenye simu: Tusionane tena. Nimechoka. Usinitafute. Maneno manne kwa mtu aliyekuwa akimsubiri kila Ijumaa nje ya ofisi ya posta na viazi vya moto ndani ya koti.

"Mwombe mhudumu akubadilishie," Uyanga alisema akiangalia dirishani.

"Ndege imejaa."

"Basi kaa."

"Ndiyo nakaa."

Akakaa. Katika ndege zile hakuna daraja la juu wala pazia la kuwatenga matajiri. Wote ni daraja la kawaida, daktari na mchunga ngamia, na wote magoti yao hugusa kiti cha mbele. Ya Bilguun hayakugusa, yalichimba. Kiegemeo cha mkono kilichokuwa katikati yao kilibaki kitupu, hakuna aliyekitaka.

Injini zikaunguruma, ndege ikakimbia, ikajinyanyua. Boksi la chanjo likaanza kuteleza. Bilguun akaunyoosha mguu upesi alizuie, na kiatu chake kizito cha kazi kikatua juu ya vidole vya Uyanga.

"Aa!"

"Pole..."

Bilguun akaurudisha mguu.

Sisi, mtu akikukanyaga mguu, awe ndugu awe mgeni, mnapeana mikono hapo hapo. Msipopeana, ni kama mmetangaziana uadui. Mtoto wa miaka mitatu anaujua mkono huo. Bilguun aliujua, Uyanga aliujua. Lakini Bilguun aliogopa kuunyoosha ukaachwa ukining'inia, na Uyanga aliogopa kuupokea akashindwa kuuachia. Basi mmoja akatazama dari, mwingine akatazama mawingu.

"We kijana!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya kijia, kwa bibi mmoja mwembamba aliyevaa kofia ya sufu, na mfuko wa jibini kavu mapajani. Aliitwa Bibi Dejid. Alikuwa amekwisha kuwaambia watu wote wa safu ya nane na ya kumi kwamba anatoka kutolewa mtoto wa jicho na sasa anaona kila kitu.

"Naam, bibi."

"Nimeona. Umemkanyaga binti wa watu."

"Bahati mbaya, bibi."

"Bahati mbaya ndiyo yenyewe! Ya makusudi hatupeani mikono, tunapigana. Haya, mpe mkono. Mnataka kutubebea uadui huku juu, kwenye ndege ndogo hivi?"

Safu ya nane ikacheka. Mama wa makoti mawili akageuka kutazama. Bilguun akanyoosha mkono, Uyanga akaupokea. Ulikuwa ule ule, mkavu, wenye kovu la meno ya farasi chini ya kidole gumba. Mkono wa desturi ni wa kushikana na kuachiana, kufumba na kufumbua. Mkono wao ulichelewa kidogo.

"Mmh," Bibi Dejid alisema, akatia kipande cha jibini mdomoni.

Walipofika juu ya mawingu, mhudumu akapita na vile visanduku vya karatasi: mkate wenye soseji, biskuti mbili, peremende moja, na chai ndani ya kikombe cha kuunguza vidole. Uyanga akafungua mkate wake akiwaza mbali, akachomoa kipande cha tango la siki, akakiweka juu ya mkate wa Bilguun. Hakufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokuwa ukienda kila walipokula pamoja, kwa kuwa yeye tango la siki halili na Bilguun anaweza kulila kopo zima.

Kisha akaona alichofanya. Uso ukamwaka mpaka masikioni.

"Usilirudishe," Bilguun alisema kwa sauti ya chini. "Niachie."

Akalila taratibu sana. Alipomaliza akapangusa vidole, akauliza:

"Unakwenda kumwona mama?"

"Ndiyo."

"Mzima?"

"Mzima. Na wewe, chanjo?"

"Mbuzi wa bonde la Buyant. Wiki tatu." Akazungusha kikombe. "Likizo yako si huwa kiangazi? Sasa ni Septemba."

"Jumamosi kuna wageni nyumbani."

"Wageni gani?"

Uyanga angeweza kudanganya. Lakini kudanganya kunataka umtazame mtu, na kumtazama ndiko kulikomshinda.

"Wazee wa akina Ravdan. Yule mwenye kituo cha mafuta. Wanakuja na kitambaa cha buluu."

Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Wazee wakija na hariri ya buluu mikononi, wamekuja kuomba binti, na kitambaa kikipokelewa, neno limekwisha.

Bilguun aliweka kikombe chini. Mtu anayemfahamu angeona kwamba alikiweka kwa uangalifu mno, kama kitu kilichoweza kulipuka.

"Unampenda?"

"Ni mtu mwema."

"Sikuuliza wema wake."

"Bilguun, tafadhali."

"Sikusumbui. Ulisema nisikutafute na sikukutafuta, nimekutana na wewe kwenye kiti nilichopangiwa na watu wa tiketi. Ila nina swali moja, Uya, na nikishuka hapa sitakuuliza tena maishani. Nilikukosea nini? Tarehe kumi na mbili tulikata keki ya siku yangu ya kuzaliwa, ulinipaka sukari puani. Tarehe ishirini ukaniambia umechoka. Siku nane! Ng'ombe akibadilika hivyo ndani ya siku nane, mimi humpima damu."

Uyanga alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

"Utanicheka," alisema.

"Sijacheka tangu Januari. Nikicheka leo nitashukuru."

"Ni Mama. Aliniuliza umezaliwa mwaka gani, nikamwambia themanini na sita. Akahesabu vidoleni. Akaenda kwa lama hekaluni, lama akafungua kitabu cha miaka ya wanyama. Themanini na sita ni mwaka wa Chui, mimi ni Nyani. Akasema Chui na Nyani hawalali hema moja, mmoja atamla mwenzake." Alikunja karatasi ya biskuti. "Mimi msichana wa ofisi, nafanya kazi na kompyuta kutwa. Ningekuja kukwambia tuachane kwa ajili ya Chui na Nyani? Niliona haya. Ndiyo nikasema nimechoka."

Bilguun hakucheka. Alimtazama kama anayesikia lugha ya kigeni.

"Na wewe uliyaamini?"

"Baba yangu alikuwa Farasi, Mama ni Panya," Uyanga alisema, sauti ikashuka. "Walikatazwa pia. Wakaoana hivyo hivyo. Mwaka wa nne, lori la baba likazama kwenye barafu ya ziwa, mimi nina miaka miwili. Mama hajawahi kuilaumu barafu, Bilguun. Anailaumu miaka. Usiku ule baada ya lama nilikuota uko chini ya barafu unanigongea kwa ngumi. Nikaona afadhali unichukie, lakini uwe hai."

Chini yao nyika ilikuwa na rangi ya ngozi ya ngamia, haina mti, haina nyumba, ila vivuli vya mawingu vikitembea.

"Uya," Bilguun alisema mwishowe. "Keki tulikata tarehe ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Mwezi gani?"

"Januari. Si umesema mwenyewe."

"Na mwaka wa wanyama hugeuka lini?"

Uyanga akafungua mdomo, akaufunga. Mwaka wa wanyama haugeuki Januari. Hugeuka siku ya kwanza ya Mwezi Mweupe, mwaka mpya wetu wa jadi, tunapokwenda kuwasalimu wazee, na Mwezi Mweupe ukiwahi sana...

"Februari!" Bibi Dejid alipaza sauti toka ng'ambo ya kijia, akigonga goti lake. "Mwaka ule ulikuwa Februari, nakumbuka, nilikuwa na mimba ya Galsan! Mtoto wa Januari bado ni wa mwaka wa nyuma. Binti, huyo si Chui. Huyo ni Ng'ombe! Ng'ombe na Nyani hawana neno!"

"Bibi," Bilguun alisema, "unasikiliza?"

"Nimepasuliwa macho, mwanangu, masikio yangu yalikuwa mazima siku zote."

Uyanga alijishika mashavu. Miezi minane! Alikuwa amempa mama yake mwaka wa kwenye leseni ya udereva, mwaka wa makaratasi, na mama kwa hasira hakuuliza mwezi, na lama alihesabu alichopewa. Kwao Bilguun, kule Arkhangai kwa wafugaji, hata mtoto angewaambia kuwa yeye ni Ng'ombe. Lakini Bilguun hakuulizwa.

"Basi yamekwisha!" alisema, akacheka na kulia pamoja, akamshika mkono wa koti. "Yamekwisha, Bilguun! Nikifika tu namwambia Mama, wewe ni Ng'ombe, lilikuwa kosa langu la kuhesabu. Atawaambia wasije. Lama mwenyewe atakubali!"

Alingoja afurahi. Bilguun aliutazama ule mkono juu ya koti lake kwa upendo mwingi, na kwa huzuni nyingi vile vile.

"Na ningekuwa Chui?"

"Lakini si Chui."

"Najua. Nauliza, ningekuwa?"

"Kwa nini unauliza kitu ambacho hakipo?"

"Kwa sababu nitaishi nacho. Leo nimepona kwa sababu nilizaliwa wiki nne kabla ya Mwezi Mweupe. Kesho mama ataota ndoto, au lama atafungua ukurasa mwingine, na mimi nitaona maneno manne kwenye simu." Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyomuuma Uyanga zaidi. "Uliniacha ili nisife. Sawa. Lakini kifo changu mwenyewe, Uya, hata mimi sikustahili kuulizwa?"

"Ungesema nini?"

"Ningesema miaka minne na wewe inanitosha. Baba yako aliipata. Muulize mama yako kama angekubali kuirudisha."

Uyanga aliuondoa mkono polepole. Safari yote iliyobaki aliitafuta sentensi, akaipata nusu, ikamponyoka. Bilguun hakumbughudhi. Jua lilipomwingia machoni kwa dirishani, aliinuka nusu akanyoosha mkono wake mrefu, akamshushia kifuniko cha dirisha, akakaa tena.

Mhudumu akatangaza kwamba wanashuka, wafunge mikanda, na warudishe saa zao nyuma kwa saa moja, kwa kuwa Khovd huchelewa kuamka kuliko Ulaanbaatar. Upepo wa huko nao ukaja kuwapokea. Ndege ikayumba, boksi la chanjo likarukaruka, mama wa makoti mawili akasali kwa sauti. Uyanga alikuwa akiuogopa mtikisiko tangu utoto. Mara hii hakuusikia. Alikuwa akimfikiria mama yake, aliyebaki mjane akiwa na miaka ishirini na miwili, mtoto mgongoni, na ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuitoa picha ya mumewe ukutani.

Magurudumu yakagonga ardhi. Watu wakasimama kabla ya kuruhusiwa, kama kawaida yetu.

"Bilguun," Uyanga alisema wakiwa bado wamekaa. "Usimwambie Mama mwaka wako."

"Sasa nitamwambia nini?"

"Usimwambie kitu. Nifuate tu."

Uwanja wa Khovd ni mdogo, ukishuka ngazi unaona nyuso za waliokuja kupokea zimejipanga kwenye uzio. Mama yake Uyanga, Bi Tsendmaa, alisimama mbele ya wote, mfupi, kitambaa kichwani, nyuma yake kijigari cha mjomba. Alianza kutabasamu kwa binti yake. Kisha akamwona kijana mrefu anayekuja nyuma ya binti, na tabasamu likarudi lilikotoka.

"Huyu ni nani?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimeuliza huyu ni nani."

"Ni Bilguun."

"Yule wa..."

"Ndiyo. Yule Chui."

Bibi Dejid alikuwa akipita na wajukuu zake kila upande. Akasimama, mdomo wazi, tayari kusahihisha. Uyanga akamtazama. Bibi akaufunga mdomo, jambo lililoonekana kumtoa jasho, akaenda zake.

"Umeleta balaa hapa mbele ya watu, na Jumamosi nina wageni?" Bi Tsendmaa alisema kwa kunong'ona kwa ukali. "Unataka kunizika?"

"Mama, waambie wasije. Kitambaa chao sitakipokea. Ravdan hana kosa, ila sitaki kuolewa na mtu kwa sababu mwaka wake umetulia. Nampenda huyu. Nilimwacha kwa woga, na miezi minane hii sikuwa hai, nilikuwa naenda kazini tu."

"Unajua kilichompata baba yako!"

"Najua. Ndiyo nataka nikuulize, na unijibu kweli." Uyanga alimsogelea. "Ungeambiwa tangu mwanzo, mtakaa miaka minne tu. Usingeolewa naye?"

Bi Tsendmaa alifungua mdomo kujibu upesi, kama mtu mwenye jibu la siku nyingi. Jibu halikutoka. Upepo ukampeperusha kitambaa, akakishika kwa mkono mmoja, macho yakiwa mbali, nje ya uwanja, upande wa ziwa. Midomo yake ikacheza. Uyanga hakuwa amewahi kumwona mama yake akiwa msichana, ila pale, kwa kitambo kidogo, alimwona.

Kisha mama akageuka, akaenda kwenye gari, akaingia, akafunga mlango kwa kishindo.

Wakabaki wawili kwenye uzio.

"Umemwacha aende bila kujua," Bilguun alisema. "Neno moja tu, Uya. Ungesema Ng'ombe, angekumbatia mpaka mbuzi wangu."

"Atajua. Nitamwambia jioni, na lama atahesabu upya, na wote watafurahi." Alimgeukia, akamtazama sawasawa, kwa mara ya kwanza siku ile bila kukimbiza macho. "Lakini wewe nilitaka ujue kwanza."

Bilguun aliweka boksi la chanjo chini, katikati ya vumbi. Alimshika uso kwa mikono miwili, mbele ya abiria wote na mizigo yao, paji la uso likagusana na paji la uso, na Uyanga akasikia pumzi yake inavyoingia na kutoka kama ya mtu aliyepanda mlima akafika.

Honi ikalia. Wakashtuka, wakaachana.

Bi Tsendmaa alikuwa ameshusha kioo. Macho yake yalikuwa mekundu na sauti yake kavu.

"Nyama imeiva toka asubuhi, nyie mmesimama kwenye upepo! Mwambie huyo Chui wako akae nyuma na mizigo. Na ainame, gari ni fupi."